Kamani

Ngara, ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani.
Bwana Mascarenhas akafuta meza kwa kiganja,
akaniambia weka hapa, taratibu, kama mtoto aliyelala.
Nikafungua leso. Kodiani ikakohoa vumbi
la Muthurwa, la masizi na magunia,
vumbi la babu Nashon Amuhaya, karani wa mizigo,
aliyeipiga Jumamosi hadi majirani wagonge ukuta,
na akinyamaza wagonge tena,
wakitaka aendelee.

Simu ikatetemeka mfukoni. Enos:
Amesema ngapi?
Bado hajasema hata habari za asubuhi.

Alihesabu vibonye. Akanusa mvukuto.
Akapitisha ukucha kwenye lulu bandia
iliyogeuka manjano kama meno ya mvuta sigara.
"Ya Kitaliano," akasema, "kabla ya vita vya pili.
Zilikuja nyingi. Zilizobaki, chache.
Zinazopumua bado, chache zaidi."
Nikamwona anaipenda, nikaogopa bei.

Kisha akaivaa, mikanda ikamkaa begani,
akapanda ngazi ya sauti, moja moja,
na kwenye ya sita akasimama.
Akarudi. Akabonyeza tena.
Akagonga uma wa chuma gotini, akauleta sikioni mwangu:
"Hii ndiyo la. Sasa sikiliza ya kwako."

Nikasikiliza.
Ya kwangu ndiyo niliyoijua.
Ile ya uma ndiyo iliyokuwa ngeni,
imejinyoosha mno, kama mtu aliyevaa suti ya kukodi.
"Imeshuka," akasema. "Karibu nusu. Huisikii?"

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu
Mwalimu Zablon aliponitoa kwaya ya Pasaka
mbele ya wenzangu, fimbo ya kuongozea ikinielekea puani:
Rasoa, kila wimbo unatuvuta chini, hapo hapo.
Nenda kapange viti.
Nikapanga viti miaka minne.
Nikaolewa bila kuimba, nikazaa bila kuimba,
wanangu niliwabembeleza kwa redio.

Akafungua skrubu nane,
akatoa ubao wa ndimi, safu kwa safu,
zimelala ndani ya nta kama mbegu za boga.
Zote za kiwandani. Isipokuwa moja,
nyeusi, pana kidogo, imepigwa tupa kwa mkono.
Akaisogeza kwenye taa. Akacheka kwa pua.
"Hii ni kamani. Mtu amekata kamani ya saa
akaifanya ulimi."

Saa ya stoo ya mizigo, basi. Ile
ambayo nyanya alisema ilisimama mwaka mzima
na babu akakatwa mshahara, asieleze kwa nini.

Bei: elfu kumi na nane kama ilivyo.
Elfu sitini, ulimi ule ukibadilishwa.
"Ninao mwingine kwenye kopo," akasema.
"Dakika ishirini. Nibadilishe?"
Enos: Ngapi?
Enos: Dada.

Nikasema, "La."

Akadhani naomba noti. Akarudisha ubao,
akabonyeza, akauvuta mvukuto polepole,
ikatoka ile ya kwetu, iliyoshuka, ya Muthurwa,
nami nikafungua kinywa, mwanamke wa miaka arobaini na saba,
mbele ya mtu nisiyemjua,
nikaweka sauti yangu juu yake
kama mfuniko kwenye sufuria yake.
Mzee akaondoa vidole. Mimi nikabaki nayo peke yangu,
sikuyumba.
Akanitazama juu ya miwani.
"Sikio unalo," akasema,
kwa sauti ile ile ya kutaja bei.

Niliteremka ngazi nimeibeba mgongoni kwa leso.
Kwa Enos nilituma elfu tano, nikaandika:
Nusu ya sitini ni thelathini. Hii ni ya kwanza.
Akajibu kwa alama ya kuuliza, peke yake.

Nje, magari yamekwama, honi juu ya honi,
na mojawapo, la lori la saruji,
lilikuwa limeshuka. Karibu nusu.
Nikaliitikia.